Maji ya Chuma na Titi la Kushoto

Kabange mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya sufuria, ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya wavulana, na ya kupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Namsikia tangu juzi, na naona hakuacha kitu. Kwa hiyo mimi sitakuongezea hata moja. Ukisahau blanketi, huko chuoni Ndola kuna baridi mwezi wa sita, utalikumbuka mwenyewe.

Ni saa kumi alasiri. Wewe umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, mama yako yuko sokoni Kashikishi, na mimi nimekaa kiwandani kwangu, kama mabati manne na moto uliozimika vinastahili kuitwa kiwanda. Leo sikuwasha. Mgongo umekataa, na hata ungekubali, mvuvi gani siku hizi ananunua ndoana iliyopigwa kwa nyundo wakati dukani zinauzwa kwa pakiti? Nimechoka, mama. Si uchovu wa leo. Kuna kitu nimekibeba tangu ulipokuwa na wiki chache duniani, na nataka kukitua kabla hujaondoka, kwa sababu unaondoka na kipande chake bila kujua.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nilijaribu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi sketi yako, nikaja nikasimama mlangoni, nikaishia kukuuliza kama makaa yanatosha. Ukanitazama ukasema, "Papa, leo uko namna gani?" Mara ya pili na ya tatu hata kuuliza habari ya makaa sikuweza. Mdomo wangu umezoea kudanganya habari hii, unaijua njia yake. Mkono hauna mazoea hayo, ndiyo maana naandika, na uuvumilie mwandiko.

Jina lako unalijua. Kabange ni wa pili katika mapasa, yaani mapacha, na wa kwanza ni Kyungu. Kaka yako. Unajua kwamba alikufa kule kisiwani Chisenga kabla hujaweza hata kukaa. Unajua pia kwamba aliuawa na maziwa mabaya ya mwanamke aliyewanyonyesha. Hilo la mwisho nilikuambia mimi, na ni uongo.

Nianze mwanzo. Tulivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, watu wenye bunduki wakiwa wamekwisha kuingia kijijini, mama yako akiwa na tumbo kubwa mpaka wapiga kasia walibishana akae wapi ili mtumbwi usilale upande. Tulitua Chisenga, upande wa Zambia, kwenye kambi ya wavuvi, kwa kuwa ndiko mtumbwi ulikokuwa unakwenda. Mlizaliwa hapo. Mama yako alitokwa na damu nyingi, kisha homa ikamshika, akawa mtu wa kulala tu, hatambui aliyeingia wala aliyetoka. Maziwa hayakuja. Ninyi wawili mlilia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anapokea.

Kibanda cha pili alikaa mwanamke wa Kizambia, Bana Mutale, yaani mama yake Mutale. Mutale alikuwa mtoto wa kiume aliyeanza kutembea lakini bado ananyonya. Mama huyo alikuwa anakaanga mandazi na kuwauzia wavuvi asubuhi wanapotoka majini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kubishana bei ya samaki na watu wa ng'ambo. Hakuniuliza sisi ni nani wala tumekimbia nini. Aliingia, akaketi chini, akanyoosha mikono.

"Leta bote babili, Shimpundu."

Shimpundu ndivyo Wabemba wanavyomwita baba wa mapasa. Hadi leo watu wa hapa Nchelenge hawajui jina langu lingine. Kila asubuhi ninaitwa baba wa wawili, na kila asubuhi ninaitika.

Alimweka Kyungu kushoto, wewe kulia. Mutale akasubiri zamu yake huku amenuna. Ikawa hivyo kila siku, mara tano, mara sita, watoto watatu kwa mwanamke mmoja, na bado mandazi yalikaangwa.

Sasa habari ya maji. Hukuwahi kuambiwa kwa sababu wewe ni msichana. Sisi ni watu wa chuma, baba yangu alifua, babu yangu alifua. Kwetu, mtoto wa kiume akizaliwa anapewa maji ya chuma. Chuma cha kwanza cha asubuhi kikiwa chekundu kinazamishwa kwenye karai, maji yale yanachotwa kwa kijiko, yanaachwa yapoe, mtoto anatiwa mdomoni. Kijiko kimoja kila siku mpaka shingo yake ikaze. Walituambia yanaleta damu na kukaza mifupa. Mtoto wa kike hapewi, kwa kuwa ataolewa, na nguvu ya chuma itaenda kwenye nyumba ya watu wengine. Mimi nilipewa, baba yangu alipewa. Hakuna aliyenihesabia wale waliopewa wasiishi kusimulia.

Nilikuwa nimevuka na nyundo, koleo na ngozi ya mivukuto. Wavuvi walinipa kipande cha chuma kizito nikakifanya fuawe, na siku chache baadaye nilikuwa nawapigia misumari ya mitumbwi. Maji ya karai sikuyabadilisha kila siku. Kadiri yalivyozidi kuwa mekundu ndivyo tulivyoyahesabu kuwa na nguvu, na yale yalikuwa mekundu kweli.

Nataka uelewe nilivyokuwa wakati huo, si ili unihurumie. Mke wangu amelala hanijui. Nchi si yangu. Watoto wangu wanaishi kwa kifua cha mwanamke ambaye hata jina la baba yake silijui. Niliona aibu, Kabange, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu akae kando wakati wa kula. Kijiko kile ndicho kitu pekee nilichoweza kumpa mwanangu kwa mkono wangu. Nilipompa nilijiona mtu.

Bana Mutale aliniona siku moja.

"Ayo maji ni ya nini?"

"Ni ya chuma. Ya kumupa nguvu."

Alitazama kijiko, akatazama karai. "Awe, Shimpundu. Mutoto mudogo vile, mabele inatosha. Acha anyonye tu."

"Ni mambo ya wanaume," nikamwambia. "We nyonyesha. Mi natengeneza mifupa."

Akatikisa kichwa na kumchukua Kyungu, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Mimi nilifurahi kuwa nimeshinda.

Wiki iliyofuata tumbo la Kyungu likafunguka. Alihara maji ya kijani, macho yakaingia ndani, akawa anashika titi na kuliachia bila kunyonya. Nilifanya nini? Nikamwongezea. Kijiko kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Alivyozidi kulegea ndivyo nilivyozidi kumpa, na wewe uliyenyimwa ulikuwa unaota mashavu. Alikufa asubuhi mikononi mwangu, Bana Mutale akiwa amekwisha kukaa mbele yangu na kufungua kifua, akingoja nimpe.

Tulimzika siku ile ile. Watu wa kambi walikaa nasi, wavuvi, wake zao, wachuuzi wa samaki waliokuwa wanangoja mashua. Hakuna aliyeniuliza kilichomuua. Nilisimama mwenyewe nikasema.

"Mutoto wangu alizaliwa muzima. Ni mabele ya huyu mwanamuke njo ilimuua."

Mzee mmoja wa ng'ambo, mshona nyavu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na huyu wa kike? Hakunywa mabele ile ile?"

Ona, nililetewa swali mpaka mkononi. Kama ningelipokea, kila kitu kingekaa mahali pake hapo hapo, bila labo ya hospitali, bila shule. Lakini nilikuwa nimekwisha kusimama mbele ya watu. Kwa muda wa kuvuta pumzi tu nikapata pa kutokea.

"Wa kike alikunywa kulia. Kyungu alikunywa kushoto. Ya kushoto njo mubaya."

Watu wakaguna na kukubali. Neno la mfua chuma linapewa uzito, na baba wa mapasa aliyefiwa habishiwi. Wakati nasema hayo, Mutale, ambaye alinyonya pande zote mbili tangu azaliwe, alikuwa anamfukuza kuku mbele ya macho yangu na kucheka. Nilimwona. Sikuwa kipofu, nilimwona kabisa, nikamaliza sentensi yangu.

Bana Mutale aliinuka. Alijifunga kitenge, akamwita mtoto wake, akaenda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekushika, unalia njaa, mama yako bado anaweweseka, na mimi nawaza nitakupa nini, uji au maji ya sukari. Akaingia. Hakunisalimia. Alikuchukua mikononi mwangu, akaketi palepale pa siku zote, akakupa titi la kulia peke yake. La kushoto alilifunika. Lakini titi moja likinyonywa la pili nalo linaitika, wewe utayasoma hayo vizuri kuliko mimi. Ulipokuwa unavuta la kulia, la kushoto lilichuruzika lenyewe, na upande ule wa kitenge chake ukalowa, ukalowa mpaka kiunoni. Hakuufuta. Alitazama mlango. Mimi nilitazama kile kitenge, kisha nikachukua nyundo nikatoka nje.

Alikuja hivyo wiki mbili nzima, mpaka homa ilipomtoka mama yako na maziwa yakaanza kuja kidogo kidogo. Wakati huo wote wavuvi walikuwa wamekwisha kuacha mandazi yake, na wanawake wakimwona wanageuza watoto wao upande wa pili. Siku moja kaka yake alikuja na mashua akamchukua kwenda kwao, Mofwe. Ningekuwa mimi, ningeondoka siku ile ya mazishi, na wewe kesho usingekuwa na basi la kupanda.

Sisi nasi tukavuka tukaja huku bara, nikajenga mabati haya. Maisha yakaendelea, na uongo ukaendelea nayo. Watu wakiniuliza habari za Kyungu nilisimulia vilevile, na kila nilipoisimulia ilizidi kunyooka. Nikafika mahali pa kuiamini. Hilo ndilo la kutisha, kwamba ilikaa vizuri mdomoni.

Ulipokuwa darasa la tano tulikuwa sokoni, wewe umebeba kibuyu cha mafuta, unakumbuka? Mwanamke mmoja aliacha kapu lake la samaki wa Mofwe akaja moja kwa moja kwetu.

"Shimpundu. Uyu njo Kabange?"

Alinyoosha mkono akuguse shavu. Nikakuvuta nyuma yangu. Mkono wake ukabaki hewani, halafu akautumia kurekebisha kitambaa cha kichwa, utadhani ndicho alichotaka tangu mwanzo. Tulipofika mbali ukaniuliza, "Papa, ule mama ni nani?" Nikakujibu, "Ni ule wa mabele mubaya." Ukageuka ukamtazama. Kuanzia siku hiyo, ukipita pale unashika upande wa wauza nyanya. Nilimfundisha mtoto kumkwepa mtu aliyemlisha, na nilifanya hivyo bila hata kusimama.

Sasa nije mwaka huu. Umemaliza darasa la kumi na mbili, wamekupokea hospitalini uoshe vichupa vya labo na kutazama wenzako wanavyofanya kazi. Kila jioni unarudi na neno jipya. Mama yako anakucheka kwamba ukisema "protini" unasema kama mutu wa redio. Siku ile uliniletea ugali wangu hapa kiwandani, moto ukiwa umewaka, mimi nimeshika chuma ndani ya makaa.

"Papa, unajua mu mabele ya mama muko protini moja inashikaka chuma?"

Nikacheka. "Chuma gani? Ya kwangu hii?"

"Ya kwako kabisa. Lakini ile ndogo, ile inayeyukaka mu maji, macho haiwezi kuiona."

Ukaweka sahani chini, ukanyoosha mikono yako miwili, viganja juu. Nakuona hata sasa. Ukasema protini ile ina mikono miwili, na kila mkono unashika kipunje kimoja cha chuma. Bakteria za tumboni nazo zinakitaka chuma ili zikue. Basi protini inazinyang'anya, zinalala njaa. Na ikiwa mikono mitupu inaweza hata kuzishika baadhi ya bakteria hizo na kuzitoboa ngozi, zikafa.

"Lakini ukiijaza chuma," ukasema, ukafumba viganja, "mikono yote mbili inajaa. Haishike tena, haiue tena. Iko pale tu, inaangalia. Na chuma yenye inabakia, mikrobe zinakula."

Maziwa ni yaleyale, protini ni ileile. Hakuna aliyeiharibu. Kimeingia kitu kidogo kuliko vumbi, kikakaa kwenye mikono yake, na mlinzi akawa mtazamaji. Nilisimama nikitazama ngumi zako mbili.

"Na mutu akimupa mutoto maji ya chuma, na huku anamunyonyesha?"

"Mu kichupa cha labo njo vile inakuwaka," ulisema. "Mu tumbo ya mutoto bintu ni bingi, Papa. Hakuna mwenye atakuapia." Kisha ukanitazama. "Juu ya nini unauliza?"

"Bure tu."

Wakati huo chuma changu kilikuwa kimepita moto, kinarusha cheche nyeupe. Ulinicheka, fundi mzima anaunguza chuma. Kikipita moto namna hiyo hakirekebishiki, kinakatwa na kutupwa. Nilikikata, nikala ugali wako, na sikusikia ladha yake.

Wiki mbili baadaye ulijaza fomu ya chuo. Nikakuuliza kwa nini labo, si unesi kama mama yako anavyotaka. Hukufikiri hata kidogo. Ulisema: "Papa, minataka nijue mu ile mabele mulikuwa nini. Labda mulikuwa mikrobe, labda ilikosa ile protini. Siku moja nitajua tu." Na mimi nikatia sahihi yangu chini ya jina lako.

Ndicho kitu kilichoninyima usingizi. Unakwenda kutumia ujana wako kutafuta kosa ndani ya maziwa yaliyokukuza. Utatazama kwenye hadubini ukiwa na swali nililolitunga mimi kwa muda wa kuvuta pumzi moja, msibani, ili nisionekane mjinga.

Sitakuambia kwamba ni chuma kilichomuua Kyungu. Wewe mwenyewe umesema hakuna wa kuapa. Huenda ulikuwa uchafu wa lile karai, maana nilizamisha mle ndani vyuma vilivyokuwa vimelala kwenye matope ya samaki. Huenda ni ugonjwa wa kisiwani tu, watoto wengine nao walihara mwaka ule. Sitajua, na wewe na vichupa vyako vyote hutajua. Ninalojua ni dogo na lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: watoto watatu walinyonya, mmoja alipewa kijiko, na huyo mmoja ndiye tuliyemzika. Hesabu hiyo haihitaji darasa la kumi na mbili. Niliiona na nikaiogopa.

Chuo nenda. Sikuandiki ili urudi nyuma. Nimewaza sana ni kitu gani nikupe cha kazi yako, mimi nisiyejua kazi yako, na nimepata kimoja tu. Siku utakapopata jibu, na ukaona jibu hilo limemlaumu kila mtu na kukuacha wewe peke yako msafi, lipime tena. Mimi jibu langu liliniacha msafi kabisa. Na mama akikuletea mtoto anayehara, kabla hujayashuku maziwa yake, muulize kwa upole nani mwingine ndani ya nyumba ana kijiko. Usimuulize kwa ukali. Mwenye kijiko huwa anampenda mtoto.

Jumapili nilimwambia mama yako. Alikuwa anakunja nguo zako. Alimaliza kukunja sketi aliyokuwa ameishika.

"Na mi nilikatalaka kumusalimia ule mama ku soko," akasema. "Miaka yote hii."

Nikamwambia mpango wangu. Basi la kesho linasimama Mwansabombwe, na Mofwe si mbali na pale. Nilitaka wewe ushuke kidogo, umtafute Bana Mutale, umpe salamu zangu na barua fupi. Wewe una maneno mazuri, nikasema, na yeye hatamfukuza mtoto aliyemnyonyesha. Kwa kweli nilijiona nimepanga vizuri.

Mama yako akaweka nguo chini. "Kosa ni yako, utamutuma mutoto?"

Ndiyo hayo tu aliyosema. Akainuka akaenda kufunga chisense, dagaa wakavu wa ziwani. Nimeona amefunga mafungu mawili. La kwanza ni lako, na la pili, ambalo ni kubwa kuliko lako, ameliweka juu ya viatu vyangu vya kanisani.

Kwa hiyo kesho usishangae ukiniona nakaa karibu nawe ndani ya basi. Utadhani nimezeeka nimeshindwa kuagana, na utanitania mbele ya watu, na mimi nitakuacha unitanie. Nitashuka Mwansabombwe. Barua hii nitakupa dirishani nikiwa nimekwisha kukanyaga chini, maana nikikupa mapema utanisomea usoni. Wewe usishuke. Safari ni ndefu, una muda wa kutosha wa kunikasirikia, na ukikasirika mpaka likizo pia nitaelewa. Ukirudi, ukitaka kwenda kwake, nenda kwa ajili yako, si kwa kutumwa na mimi.

Wavuvi wanasema yuko hai, na kwamba Mutale ana watoto sasa. Sijui kama atanifungulia. Anaweza kunimwagia maji ya kuoshea samaki, na nitakuwa nimestahili. Nimewaza jinsi ya kuanza, nikaona sitaanza na vita, wala na homa ya mama yako, wala na mambo yako ya protini, ambayo nikiyasimulia nitayakosea. Hata Kyungu sitamtaja kwanza. Nitamweleza ile asubuhi alipokuja bila kunisalimia, na ule upande wa kushoto wa kitenge chake uliokuwa unalowa. Nitamwambia kwamba niliuona.

Baba yenu,
Shimpundu